Jembe la Kibarua na Jembe la Raia

Kila mwaka, majina ya vijana waliohitimu kidato cha sita yanapotangazwa ili waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, mabishano yale yale huzuka. Wako wanaosema kwamba sasa vijana watatiwa uzalendo, maana wamelelewa kwa mkate na siagi na hawajui kushika jembe. Na wako wanaosema kwamba huko ni kupoteza wakati: kijana aliyefaulu fizikia anapelekwa kufyeka majani ili iweje? Makundi haya mawili hujiona kuwa ni mahasimu, lakini kwa hakika yanaamini jambo moja. Yote mawili yanaamini kuwa utumishi ni kama sindano ya daktari: ukishachomwa, dawa imeingia. Tofauti yao ni kwamba hawa wanaiona dawa inaponya, na wale wanaiona ni maji matupu.

Makala haya yanakusudia kuyapinga makundi yote mawili. Utumishi wa mwanafunzi kwa umma unaweza kumjenga raia, na unaweza vile vile kumharibu. Hilo haliamuliwi na wingi wa jasho, wala na ukali wa afande, wala na urefu wa siku zenyewe. Linaamuliwa na mambo mawili ambayo watu wengi huyaona madogo: nani anayeihukumu kazi ya mwanafunzi, na kama mwanafunzi ana ruhusa ya kuuliza kwa nini kazi hiyo inafanywa.

Pahala pazuri pa kulitazama jambo hili ni Buhemba, mkoani Mara, si mbali na Butiama alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere. Katika ardhi ile, tangu enzi ya utawala wa Waingereza, watu walishuka mashimoni kuchimba dhahabu isiyokuwa yao kwa ujira wa kutwa. Baada ya Uhuru, Buhemba ikapata jina kwa jambo jingine: kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo wahitimu wengi wa miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka kwa mchakamchaka wa alfajiri na baridi ya asubuhi. Basi ardhi moja imeona kazi za namna mbili. Mchimbaji wa zamani alishika sururu. Kuruta alishika jembe. Wote wawili waliamka kabla ya jua, wote waliamriwa, wote walitoka jasho. Tukimwita mmoja kibarua na mwingine mjenzi wa taifa, yatupasa tuonyeshe tofauti iko wapi, na isiwe katika rangi ya bendera tu.

Neno kibarua lenyewe linafundisha. Ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili kithibitishe kuwa alifika kazini. Karatasi hiyo haikumwambia kazi ni ya nini, wala faida itakwenda wapi. Ilimwambia tu kwamba amehesabiwa. Msomaji akumbuke kikaratasi hicho, maana tutakutana nacho tena.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwanzoni lilikuwa la kujitolea, na waliojitokeza wengi wao walikuwa vijana wasio na elimu kubwa. Wasomi walikaa pembeni. Mwaka 1966 Serikali ikaamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita nao watumikie kwa muda wa miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliosalia katika kazi walizosomea, kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana Dar es Salaam hadi kwa Rais, wengine wakiwa wamevaa majoho yao ya kitaaluma, na mabango mengine yakadai kwamba hali ilikuwa nafuu zaidi chini ya mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa hasira kubwa. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa wakarudi makwao. Siku ile ile akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Katika shule zetu kisa hiki kimezoea kusimuliwa kama kisa cha watoto watukutu waliotiwa adabu. Ni masimulizi ya uvivu. Mwandishi wa makala haya hana nia ya kuwatetea wale vijana katika hoja yao kuu: nchi ile ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, iliwasomesha kwa kodi ya wakulima wa pamba na kahawa, na kudai mshahara mnono kuliko yeyote kijijini ulikuwa ni ubwanyenye mtupu. Yule aliyeandika kwamba ukoloni ulikuwa nafuu aliandika neno la aibu. Lakini tutazame pia kilichofuata. Swali lao, hata kama lilikuwa na harufu ya tamaa, lilikuwa hili: mbona tunakatwa sisi peke yetu? Na jibu la Mwalimu halikuwa kuwafukuza tu. Alijikata mshahara, yaani alikiri kwa vitendo kwamba swali lilikuwa na haki ya kujibiwa. Miezi mitatu baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi, yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Sisemi kwamba wanafunzi wale walilizaa Azimio. Lilikuwa na wazazi wengine wakubwa zaidi. Nasema kwamba siku ile ya Oktoba ilikuwa somo la uraia lenye moto kuliko miaka mingi ya mchakamchaka, kwa sababu mtumishi aliuliza na mtawala akajibu mbele ya watu.

Machi 1967 Mwalimu akatoa Elimu ya Kujitegemea. Kijitabu hicho kila mwalimu hukitaja, lakini nina wasiwasi kama wanaokisoma chote ni wengi. Wengi hukumbuka kwamba kilitaka shule ziwe na mashamba. Wachache hukumbuka kwamba kilitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba hilo, kwamba hesabu zitunzwe sawasawa, na kwamba wanafunzi waone uhusiano baina ya kazi yao na maisha yao, ili wajue kuwa wakizembea watakosa na wakijitahidi watapata. Katika mpango ule, shamba halikuwa mahali pa kuchosha mwili. Lilikuwa darasa la hesabu, la kilimo, na zaidi ya yote la kujitawala.

Nini kilitokea? Nitasema niliyoyaona. Nilifundisha katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, iliyokuwa na shamba la mahindi la kujivunia. Wageni walipokuja walipelekwa kulitazama. Vijana walilima, wakapalilia, wakavuna, wakapukuchua. Msimu mmoja mavuno yalikuwa mema, magunia yakajazwa, yakapakiwa garini. Kijana wa kidato cha tatu, mpole, mzuri wa hesabu, akasimama katika baraza la shule akauliza magunia yamekuwa mangapi na yamekwenda wapi. Hakuuliza kwa kiburi. Aliuliza kama mtu anayesahihisha mlinganyo. Adhabu aliyopewa ilikuwa kulima: hatua kadhaa za shamba lile lile, peke yake, wakati wenzake wako darasani. Walimu tulikuwa tumeketi mstari wa mbele, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilitazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aliyeuliza habari ya magunia, na mimi niliendelea kufundisha somo la siasa, nikieleza ubaoni maana ya demokrasia, na vijana wakaendelea kunakili.

Ndugu mwalimu, tusidanganyane. Jambo hilo halikutokea katika shule moja. Katika shule nyingi jembe liligeuzwa kuwa fimbo. Aliyechelewa, akalime. Aliyesema kilugha, akalime. Aliyeshindwa mtihani wa Kiingereza, akalime. Kisha tukashangaa kwamba vijana wanaichukia kazi ya mikono! Mtoto aliyefundishwa kwa miaka saba, na pengine kumi na moja, kwamba kulima ni malipo ya uovu, huwezi kumshawishi kwa hotuba ya nusu saa kwamba kulima ni heshima. Amejifunza sawasawa kabisa kile alichofundishwa. Amejifunza kwamba wakubwa huamua na wadogo hutenda, kwamba hesabu ni siri ya wenye ofisi, na kwamba mtu mwenye akili ni yule anayefanya bidii ili siku moja awe upande wa wasiolima. Hizo ni sifa za kibarua anayeota kuwa nyapara.

Sasa nije kwenye mfano wa upande wa pili, nao uko hapa hapa kwetu. Baina ya mwaka 1968 na 1972 mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera, ilichaguliwa kufanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao, kikiwamo kilimo cha pamba. Baadaye kampeni ya kisomo ilienea nchi nzima, na walimu wa kawaida hawakutosha, ikabidi waitwe waliojua kusoma, wakiwamo wanafunzi na vijana waliomaliza shule. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39 hivi, ilhali wakati wa Uhuru na miaka michache baadaye walikuwa wengi wa watu wazima wa nchi hii. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na mataifa yaliistahi.

Lakini mimi sitaki kuzungumzia wale waliojifunza kusoma. Nataka kumzungumzia kijana aliyefundisha. Mfikirie msichana wa sekondari ambaye jioni anakaa chini ya mti mbele ya wakulima waliomzidi umri mara tatu. Kuwaamuru hawezi, wale ni mama zake na baba zake, naye huwaamkia shikamoo kabla hajashika chaki. Akifundisha vibaya, kesho hawaji. Hakuna afande wa kuwakusanya. Anagundua kwamba mama asiyejua herufi anajua mvua, mbegu na tabia ya udongo kuliko kitabu chake cha jiografia. Anagundua pia kwa nini mama huyo anataka kusoma: siku ya kuuza pamba, karani husoma mizani na kuandika namba, na asiyejua namba huambiwa uzito wa jasho lake na mtu mwingine. Mkulima akishajua kusoma mizani, karani hubadilika tabia. Msichana wetu akiliona hilo mara moja tu, amejifunza uhusiano wa elimu na haki, na hakuna mtihani wa uraia utakaomfundisha zaidi.

Tofauti yake na yule kijana wa magunia ni nini? Wote wawili walikuwa wanautumikia umma. Wote walifanya kazi bila malipo baada ya masomo. Lakini kazi ya msichana ilihukumiwa na waliotumikiwa, na kila jioni ilimlazimisha afikiri kwa nini mambo yako kama yalivyo. Kazi ya kijana ilihukumiwa na aliyeiamuru, na alipofikiri aliadhibiwa.

Wazee wetu waliijua tofauti hii. Makabila mengi ya Mara yalipanga jamii kwa marika. Vijana wa rika moja walilinda mifugo na mipaka, walijenga, walitumwa huku na huko, na hawakulipwa. Lakini rika lilikuwa na sauti yake. Lilikuwa na wasemaji wake, lilijadiliana, na kadiri lilivyopanda ngazi ndivyo lilivyopata haki ya kuamua. Hata kazi ya ujima ya kulimiana, ambayo baadhi ya watu wa huku huiita risaga, ilikuwa na hesabu isiyoandikwa: leo kwangu, kesho kwako, na aliyekula jasho la wenzake bila kulirudisha alijulikana. Sitaki kuipamba sana jamii ya jadi. Ilikuwa na dhuluma zake, na wanawake wanazijua kuliko mimi. Lakini haikumwita mtu mjenga jamii huku ikimficha mavuno.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio linalojulikana kwa jina la mji huo. Sehemu yake inayokumbukwa zaidi ni elimu ya msingi kwa watoto wote. Sehemu nyingine, inayosahauliwa, ilihusu Chuo Kikuu: tangu hapo kijana wa kidato cha sita asingekwenda moja kwa moja, bali angepitia kwanza Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa miaka kadhaa, kisha angehitaji mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama kuhusu tabia na utendaji wake. Shabaha ilikuwa njema, na mimi naiunga mkono hata leo. Ilikusudiwa kuvunja ile kasumba ya kwamba akili hupimwa kwa mtihani peke yake, na kwamba mtu aweza kutoka dawati hadi dawati mpaka akawa mkubwa wa nchi bila kufanya kazi na watu wa kawaida.

Lakini tazama kifaa kilichotumika: barua. Kijana angepimwa moyo wake wa utumishi kwa karatasi iliyotiwa sahihi na mkubwa wake. Ukimwambia mtu kwamba mustakabali wake umo katika kalamu ya bosi, unamfundisha kumtumikia nani, wananchi au bosi? Atajifunza kuitikia ndiyo mzee, atajifunza kubeba mkoba, atajifunza kunyamaza ofisini anapoona mali ya umma inaliwa, maana mlaji ndiye mwandishi wa barua. Sisemi kwamba wote walifanya hivyo. Wengi walikuwa waadilifu na walinufaika kwa kukomaa. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa shule ya kujipendekeza. Na ulikuwa mzito zaidi kwa wasichana, ambao idadi yao Chuo Kikuu ilishuka kwa sababu miaka ile ya kungoja ndiyo ilikuwa miaka ya kuozwa na kuzaa, hata ikabidi masharti yalegezwe kwao mapema. Kikaratasi kile cha kibarua kilikuwa kimerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kikiwa na muhuri wa heshima.

Wenzetu wa mataifa mengine wamepita njia hizo hizo. Nigeria ilianzisha utumishi wa vijana mwaka 1973, miaka mitatu baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na ikaagiza kwamba mhitimu apelekwe jimbo lisilo lake. Hiyo ni busara, maana mtu hujifunza taifa lake kwa kula chakula cha watu asiowajua. Ethiopia, baada ya mapinduzi ya mwaka 1974, watawala wapya waliwapeleka wanafunzi na walimu kwa makumi ya maelfu vijijini ili wakaelimishe wakulima na kusaidia mageuzi ya ardhi. Vijana walikwenda, wakawaona wakulima, wakaanza kuuliza maswali yasiyokuwa katika ratiba, na wengi wao wakaishia kugombana na watawala wale wale waliowatuma. Watawala wengine husoma kisa hicho wakakata shauri kwamba ni hatari kumpeleka mwanafunzi kijijini akiwa na macho wazi. Mimi nakisoma kinyume. Kisa hicho kinathibitisha kwamba utumishi hufungua macho kweli kweli, na kwamba dola lisilojiandaa kuulizwa lisijisumbue kutuma wanafunzi wake mahali popote.

Hata Marekani, ambako shule nyingi zimechanganya masomo na utumishi wa jamii, wataalamu wamekuta jambo hili. Mwaka 2004 Joel Westheimer na Joseph Kahne walichapisha uchunguzi wao wa mipango kumi ya kuwaandaa vijana kuwa raia. Walitofautisha raia wa aina tatu. Wa kwanza hutoa chakula chake kuwapa wenye njaa. Wa pili huandaa mpango wa kukikusanya chakula hicho. Wa tatu huuliza kwa nini kuna watu wenye njaa, kisha huchukua hatua kuhusu chanzo chake. Walionyesha kwamba mpango unaofanikiwa kumzaa raia wa pili si lazima umzae wa tatu, na unaomzaa wa tatu si lazima umfundishe kazi ya wa pili. Kwa maneno mengine, mtu hawezi kuomba utumishi kwa jumla na kutazamia kwamba kila fadhila itaota yenyewe kama magugu. Mpandaji huvuna alichopanda. Mipango mingi ya kwetu, kama tukisema kweli, haijafika hata kwa raia wa pili. Imeishia kwa yule wa kwanza, tena baada ya kumlazimisha.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba kambi si bunge, na kwamba jeshi ambalo kuruta anauliza maswali ni genge. Nitakumbushwa kwamba Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978 nchi haikuokolewa na mijadala, bali na vijana waliozoea kutii, wakiwamo waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa. Hoja hii ni ya haki na haifai kupuuzwa. Kwenye gwaride, kwenye shabaha, na kwenye vita, amri ni amri. Lakini vijana wale hawakwenda Kagera kwa sababu walizoea kupiga mguu tu. Walikwenda wakijua kwa nini wanakwenda. Mwalimu alikuwa amewaeleza wananchi wote, kwa redio, kwa lugha iliyoeleweka na kila mtu, sababu, uwezo na nia ya kupigana. Hata katika amri kubwa kuliko zote, mtumishi alipewa sababu. Itakuwaje basi kijana apewe sababu ya kwenda kufa, na anyimwe sababu ya kupanda mahindi?

Utumishi wa lazima kwa wahitimu ulisimamishwa mwaka 1994 kwa ukosefu wa fedha, ukarejeshwa mwaka 2013, ukiwa sasa wa miezi mitatu. Katika mkoa wetu vijana hupelekwa kambi ya Rwamkoma, katika wilaya hiyo hiyo ya Butiama iliyo na Buhemba. Miezi mitatu ni michache, na wanaosema kwamba haitoshi kumgeuza mtu wana haki kidogo. Lakini yatosha kwa jambo moja ambalo shule zetu hazilifanyi. Kwa utaratibu wa serikali za mitaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba kila kundi la vijana linaloingia kambini litakuwa karibu na vijiji ambavyo, kabla kundi hilo halijaondoka, vinapaswa kufanya mkutano wa kusoma mapato na matumizi. Vijana hao wote wamejibu katika mitihani yao maswali juu ya kazi za mkutano huo. Ni wangapi wamewahi kuketi katika mmoja wao? Wapelekwe wakakae nyuma, kimya kama inavyowapasa wageni, wasikilize jinsi mwenyekiti anavyoulizwa na anavyojibu, au anavyokwepa. Kisha warudi kambini wapewe jioni moja ya kuzungumza walichokiona, bila afande kuwaambia jibu.

Na shule za sekondari zisingoje kambi. Huko Buhemba wachimbaji wadogo bado wanatafuta dhahabu katika ardhi ile ile, na kama ilivyo katika machimbo mengi ya nchi hii, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, inayoshikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa motoni karibu na watoto. Katika darasa la kemia, kilomita chache kutoka hapo, mwanafunzi anakariri kwamba zebaki ni metali iliyo kimiminika, na kwamba mvuke wake ni sumu. Anapata alama zake. Jumamosi anapelekwa kufagia soko, na shule inaandika katika taarifa kwamba wanafunzi wameitumikia jamii. Ni nani aliyetenganisha mambo haya mawili? Mwanafunzi huyo angeweza kuketi na wachimbaji, kwa adabu, akajifunza kwanza jinsi wanavyofanya kazi na kwa nini wanaifanya hivyo, kisha akawaeleza anachokijua juu ya mvuke ule, na njia za kuuzuia usiwafikie. Wangembishia. Wangemwuliza kama kitabu chake kitawalisha. Angerudi kwa mwalimu wake akiwa na maswali: nani anapima maji ya kisima hiki, nani anatoa leseni, ushuru wa machimbo unaingia katika kitabu gani, na kwa nini hakuna aliyewaambia watu hawa kabla yake.

Hapo mwalimu atapatikana pabaya, maana maswali hayo hayamo katika muhtasari, na mengine yana wenyewe wasiopenda yaulizwe. Mimi nilipopatikana pabaya hivyo, nilitazama viatu vyangu. Yule kijana wa magunia, mahali popote alipo, sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na huenda watoto wake wako katika shule yenye shamba. Ningependa kujua kama wakirudi nyumbani huwauliza magunia yalikuwa mangapi.